Kununua Ng'ambo ya Mpaka: Je, Ni Haki?

Liko swali ambalo kila mtu akaaye karibu na mpaka wa nchi amekwisha kukutana nalo, na wengi hulijibu kwa miguu yao kabla ya kulijibu kwa moyo. Swali ndilo hili: Ikiwa vyakula ni ghali katika nchi yangu, na ng'ambo ya mpaka vitu vile vile ni rahisi, je, nafanya vema nikivuka kwenda kununua huko? Wenzetu wa Tunduma, wa Namanga na wa Holili walijua jambo hili tangu zamani, kwa kuwa soko la nchi ya pili si mbali na milango yao. Walakini mambo ya nyumbani mara nyingi huonekana vema zaidi yakipimwa kwa mfano wa mbali, mahali ambapo hatuna shemeji wala rafiki wa kumtetea. Kwa hiyo twataka kuwapeleka wasomaji wetu hata Ulaya, katika mpaka wa Uswisi na Ujerumani, tupate kulichunguza swali hili kwa utulivu.

Kando ya ziwa liitwalo Bodensee iko miji miwili, Konstanz wa Ujerumani na Kreuzlingen wa Uswisi. Imeungana hata mgeni apitaye njiani hatambui kwa urahisi ni wapi mmoja unapokwisha na wa pili unapoanza. Waswisi hutumia faranga, Wajerumani hutumia euro. Upande wa Uswisi mishahara ni mikubwa, na bei za vyakula nazo ni kubwa, hasa bei ya nyama. Upande wa Ujerumani mishahara ni midogo kuliko hiyo, na bei kadhalika. Basi siku za Jumamosi Waswisi wengi huvuka, wengine kwa miguu, wengine kwa reli na kwa motokaa, wakaingia katika maduka makubwa ya Konstanz, yale yaitwayo supamaketi, wakarudi kwao na mizigo tele.

Mambo mawili yaliongeza desturi hii. La kwanza ni thamani ya fedha. Tarehe 15 Januari 2015 Benki ya Taifa ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande kupita kipimo chake cha faranga 1.20 kwa euro moja. Siku ile ile faranga ilipanda hata ikakaribia kuwa sawa na euro. Mtu aliyeamka asubuhi na mshahara wake wa kila mwezi, jioni aliona ya kuwa mshahara ule ule, ukivushwa mpakani, wanunua vitu vingi zaidi.

La pili ni kodi. Katika Ujerumani bei ya dukani ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, asilimia 7 kwa vyakula vingi, na asilimia 19 kwa vitu vingine vingi. Lakini mgeni akaaye nje ya Umoja wa Ulaya, akivichukua vitu vyake kwenda navyo kwao, aweza kurudishiwa kodi hiyo, mradi hati yake ipigwe muhuri na watu wa forodha. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Ujerumani imeagiza kwamba ununuzi usiozidi euro 50 usirudishiwe kodi. Uswisi nayo ilikuwa haitozi kodi yake juu ya mizigo ya mtu mmoja kwa siku moja mpaka thamani ya faranga 300. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 kiasi hicho kimepunguzwa kuwa faranga 150. Nyama ina kipimo chake peke yake, kilo 1 kwa mtu kwa siku, nayo ikizidi hutozwa ushuru. Basi mtu aliye hodari wa hesabu aweza kununua kikapu kizima asilipe kodi upande huu wala upande ule, na sheria za nchi zote mbili zisimshike.

Kwa hiyo hatuulizi kama jambo hili ni halali. Sheria imelipa ruhusa, na ikitaka kuibana ruhusa huibana, kama tulivyoona. Twauliza kama ni haki; maana si kila lililo halali huwa jema, na mwenye akili hangoji afisa wa forodha amfundishe mema na mabaya.

Kwanza yatupasa kumsikiliza mtu wa mapato madogo. Katika nchi tajiri pia wako wajane wanaoishi kwa malipo ya uzeeni tu, wako wazazi wenye watoto wengi na mshahara mmoja, wako vibarua wasio na kazi ya kudumu. Hao wakivuka mpaka kununua nyama na maziwa, hawafanyi hivyo kwa tamaa. Ni kama wakili mwaminifu agawaye vichache alivyo navyo ili watu wa nyumbani mwake wote wapate kula. Mara nyingine wenye vyeo na wenye maduka huwashutumu watu hao, wakisema kwamba hawaipendi nchi yao. Wahenga wetu walikwisha kujibu neno hili: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu ambaye meza yake haipungukiwi na kitu asijifanye mwalimu wa mapenzi ya nchi kwa yule anayehesabu senti mbele ya rafu ya mikate.

Lakini wavukao si hao tu. Wengi wao wana mshahara wa kutosha, nao huvuka kwa sababu moja tu, kwamba huko ni rahisi. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, nasi hatuwezi kulijibu kabla ya kuuliza: Bei ile ya Uswisi ni kubwa kwa sababu gani? Tukichunguza twaona mizizi mitatu.

Mzizi wa kwanza ni ujira. Mwaka 2025 sheria ya Ujerumani iliagiza kwamba saa moja ya kazi isilipwe chini ya euro 12.82. Mwaka ule ule katika jimbo la Geneva, nchini Uswisi, kima cha chini kilikuwa faranga 24.48, na faranga moja ilizidi euro moja kidogo. Basi yule apangaye makopo rafuni, yule akaaye penye malipo, yule achukuaye mizigo alfajiri, wote wamo ndani ya bei ya mkate. Anayelalamika kwamba mkate ni ghali, mara nyingi analalamika, bila kujua, kwamba mwenzake amelipwa vizuri.

Mzizi wa pili ni mkulima. Uswisi ni nchi ya milima, na mwenye ng'ombe wachache juu mlimani hawezi kushindana na mwenye mashamba mapana ya nchi tambarare. Kwa hiyo serikali huweka ushuru mkubwa juu ya nyama na mazao mengi yatokayo nje, mkulima wa kwao asije akaliacha shamba lake. Jambo hili halikufanyika kwa siri. Mwaka 1996 raia walipiga kura, wakakubali kuingiza katika katiba yao ibara ya kulinda kilimo, ili nchi ipate chakula, ardhi itunzwe, na watu waendelee kukaa katika mabonde ya mbali.

Mzizi wa tatu si kama hiyo miwili. Wako wenye viwanda na wafanya biashara ambao kitu kile kile, kilichotoka katika mashine ile ile, humwuzia Mswisi kwa bei kubwa kuliko jirani yake, si kwa sababu ya ujira wala ya shamba, ila kwa kuwa wajua ya kuwa Mswisi ana fedha. Serikali ya Uswisi yenyewe imeliona jambo hili, na tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria imewapa wanunuzi na wenye maduka nguvu zaidi ya kuwapinga watu kama hao.

Juu ya mzizi huu wa tatu Dk. Martin Luther alikwisha kusema tangu mwaka 1524, katika kitabu chake juu ya biashara na riba. Aliwakemea wafanya biashara walioshika kanuni kwamba mtu aweza kuuza kitu chake ghali kadiri awezavyo. Aliwafundisha kwamba bei ipimwe kwa gharama, kwa taabu na kwa hatari aliyoipata mwuzaji. Na asiyejua kuipima taabu yake ailinganishe na ujira wa kibarua wa siku. Tazameni jinsi alivyozifunga bei na ujira pamoja! Neno hilo lina umri wa miaka mia tano, nalo laonyesha njia hata leo.

Basi sasa twaweza kutoa hukumu yetu. Mtu anayevuka ili kuukimbia mzizi wa tatu hatumwoni na kosa. Hakuna sheria ya haki iwezayo kumlazimisha mtu kumneemesha amnyang'anyaye. Lakini mwenye mapato ya kutosha anayeikimbia mizizi miwili ya kwanza, twamwuliza: Mshahara wako mkubwa umetoka wapi? Umetoka katika nchi ile ile ambayo imekubali kwamba kazi ya mtu ilipwe sana. Kinyozi hulipwa vema kwa sababu fundi hakwenda kunyolewa ng'ambo. Fundi hulipwa vema kwa sababu mwalimu hakumtafuta fundi wa ng'ambo. Mwalimu hulipwa vema kwa sababu kinyozi na fundi wametoa kodi yao. Ujira na bei ni kamba moja yenye ncha mbili. Anayeshika ncha ya ujira nyumbani, na kuitupa ncha ya bei, anataka wenzake wamtendee jambo ambalo yeye hataki kuwatendea. Wote wakifanya kama yeye, kamba haitakuwa na mtu wa kuishika, na mshahara wake mwenyewe utashuka.

Labda mtu atatupinga akisema: "Je, jirani yangu hukoma mpakani? Yule binti apokeaye malipo katika duka la Konstanz, naye si mtu? Fedha yangu si inamlisha yeye pia?" Neno hili ni la kweli, wala hatutaki kulidharau. Mipaka iliwekwa na wanadamu, na njaa haina pasi ya kusafiria. Mtu akinunua ng'ambo kwa sababu apenda kazi ya watu wa huko, au kwa sababu wao ni rafiki zake, afanya vema. Ndiyo asili ya biashara njema kati ya mataifa. Lakini na tuwe wakweli. Yule avukaye kwa ajili ya urahisi tu hakwenda kwa sababu ya binti yule. Amekwenda kwa sababu binti yule hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa Kreuzlingen. Na siku binti atakapolipwa sawa, mnunuzi huyu atatafuta mpaka mwingine. Hatuwezi kuuita huo kuwa upendo wa jirani.

Tena tukumbuke yaliyotokea mwaka 2020. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mpaka ulifungwa, ua wa waya ukasimamishwa kati ya Konstanz na Kreuzlingen, watu wakazoea kusimama huku na huku wakitazamana. Mpaka haukufunguliwa kwa wote ila tarehe 15 Juni. Majuma yale yote chakula cha Kreuzlingen kilitoka katika maduka ya Kreuzlingen, yale yale ambayo wengi walikuwa wameyapita siku za Jumamosi bila kugeuza shingo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Duka la karibu haliwezi kungoja miaka mingi bila wateja, kisha likatakiwa kuwa wazi siku ya shida.

Wala tusidhani kwamba iko njia mbili tu, kuonewa nyumbani au kukimbilia ng'ambo. Mwaka 1925 mtu mmoja wa Zürich, jina lake Gottlieb Duttweiler, aliona kwamba wenye maduka wamezidisha bei. Akaanzisha biashara iitwayo Migros kwa malori matano, yakizunguka mitaani na bidhaa sita tu: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Wengi waliokuwa wakiuza bidhaa kwa jumla walikataa kumwuzia, naye akajenga viwanda vyake mwenyewe. Mwaka 1941 aliigeuza biashara ile kuwa vyama vya ushirika, ikawa mali ya wanunuzi wenyewe. Huyu hakuikimbia bei mbaya, aliipiga vita mahali pake. Na faida yake ikamfikia hata mzee asiyeweza kusafiri mpaka Konstanz. Maana hilo nalo ni la kukumbuka: anayevuka huponya kikapu chake peke yake, bali atengenezaye bei ya nyumbani huponya vikapu vya wengi.

Ndugu wasomaji, sisi katika nchi zetu hatuna mishahara ya Uswisi, na wengi wetu twafanana na yule mjane kuliko na yule mwenye motokaa. Hatutaki kumfunga mtu mzigo asioweza kuuchukua. Lakini hata kwetu wako wenye uwezo, na kila mwenye uwezo ajiulize maneno matatu kabla ya kuvuka. Je, nakwenda kwa sababu ya haja, au kwa mazoea ya kutafuta rahisi? Je, bei ninayoikimbia ni ya mnyang'anyi, au ni ya jirani anayetaka kuishi kwa kazi yake? Na je, ushuru nipaswao kulipa nimeulipa, au nimeuficha chini ya magunia? Akijibu kwa kweli, atajua mwenyewe siku ya kwenda na siku ya kubaki. Na akiisha kurudi na mzigo wake, asisahau kupita dukani kwa jirani na kununua hata chumvi, tena alipe bei yake bila kunung'unika.