Biringanya Lisilo na Mbegu: Je, Ni Haki?

Bibi yangu wa Koboko huacha mabiringanya mawili matatu shambani mpaka yageuke manjano. Wageni hudhani ameyasahau. Kisha huyapasua, huosha mbegu, huzianika na kuzifunga kitambaani pamoja na majivu. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Bibi alivuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni na fundo la mbegu kiunoni.

Basi nilipojifunza chuoni Arua kwamba mwaka 1997 wanasayansi wa Italia walitangaza biringanya linalokua bila mbegu, nilikasirika. Je, ni haki kumtengenezea mkulima tunda lisiloweza kumpa msimu wa pili?

Hoja za upande wa pili zina uzito. Mbegu zikikomaa, biringanya huwa chungu na wanunuzi hulikataa. Tunda lisilohitaji chavua hukua hata hali ya hewa inapozuia uchavushaji. Mama muuzaji wa sokoni angefaidika. Tena, nilipomlalamikia bibi, alicheka: "Mjukuu wangu, ndizi unayokula ina mbegu?"

Swali hilo lilivunja hoja yangu. Matoke hayana mbegu, lakini mkulima haoni kuwa ameibiwa, kwa sababu machipukizi yamo mkononi mwake. Humgawia jirani bila kuomba ruhusa. Kumbe ubaya hauko katika kukosa mbegu. Uko katika kumlazimisha mkulima arudi dukani kila msimu kununua alichokuwa nacho bure. Hilo hutokea hata kwa chotara zilizojaa mbegu, ambazo watoto wake hawafanani na mzazi.

Hata hivyo, ndizi inatuonya. Mnyauko wa bakteria ulipoonekana Uganda mwaka 2001, kuzalisha migomba yenye kinga kulikuwa kugumu, kwa kuwa mmea usiozaa mbegu haubadiliki kwa urahisi.

Kwa hiyo, naona anayetengeneza biringanya hilo hatendi kosa, mradi mkulima aweze kulizalisha mwenyewe, na mradi lile la zamani lisiachwe lipotee. Biringanya hushika hata kwa kipande cha tawi. Lakini tawi halifungwi kitambaani siku ya kukimbia. Leo wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini wanavuka kuja kwetu, na bibi huwafungulia fundo lake. Akiba haiozi.