Amana ya Mpendekezaji

Mtu aulizwapo na mwenzake asikilize albamu gani, huombwa zaidi ya jina. Muulizaji huweka imani yake juu ya hukumu ya mwingine, na gharama ni saa ambazo hatarudishiwa. Kwa hiyo kupendekeza ni amana, japokuwa aghalabu hufanywa kwa wepesi, kama kumwonyesha mpita njia mahali soko lilipo. Katika muziki wa metali amana hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa muziki huo una matawi mengi yasiyofanana, na moja katika hayo lilimea penye damu.

Shina lake lajulikana. Tony Iommi, kijana wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati alipokuwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza. Sauti ya gitaa ikashuka, ikawa nzito. Albamu ya kwanza ya kundi lake, Black Sabbath, ilitoka mwaka 1970, nayo yafaa kila mgeni. Apendaye masimulizi na sauti ya juu ya mwimbaji apewe The Number of the Beast ya Iron Maiden, ya mwaka 1982. Apendaye kasi yenye mpango, Master of Puppets ya Metallica, ya 1986. Apendaye mwendo wa maziko, Epicus Doomicus Metallicus ya Candlemass wa Uswidi, ya mwaka huo huo. Metali ya kifo isitangulizwe: Scream Bloody Gore ya kundi la Death, ya 1987, yaweza kumfukuza mtu ambaye angeipenda baada ya kuzoea. Wapendekezaji wengi hutoa wakipendacho wao, si kile ambacho masikio ya muulizaji yaweza kukipokea. Huko ni kujisifu.

Ugumu wenyewe umo katika metali nyeusi, kama ilivyostawi Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. De Mysteriis Dom Sathanas ya kundi la Mayhem, iliyotoka mwaka 1994, ni vigumu kuiruka katika tawi hilo. Gitaa humo lapigwa na Øystein Aarseth, na besi na Varg Vikernes. Tarehe 10 Agosti, 1993, kabla albamu haijatoka, Vikernes alimwua Aarseth kwa kisu mjini Oslo. Mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Wazazi wa marehemu waliomba besi ya muuaji iondolewe, haikuondolewa. Basi mkono wa aliyeuawa na mkono wa aliyemwua wapatana humo katika wimbo mmoja.

Je, albamu hiyo ipendekezwe? Wako wasemao kwamba sauti haina hatia. Ni kweli kwamba uzi haujui aliyeugusa, lakini msikilizaji si uzi. Yeye ana moyo wa kuumia na mfuko wa kulipa. Wengine husema ifichwe kabisa. Hao husahau kwamba kuificha ni kumzika Aarseth mara ya pili, maana humo ndimo ilimobaki kazi yake kubwa, pamoja na ya mpiga ngoma na mwimbaji ambao hawakuhusika na mauaji. Hoja hii, lakini, haiziokoi albamu za Burzum, mradi wa Vikernes mwenyewe. Huko hapana marehemu wa kutetewa.

Albamu ya Mayhem yastahili kupendekezwa, ila habari yake itangulie muziki wake. Mgeni huambiwa kilichomo chunguni kabla hajala, si baada ya kunawa. Aliyekwisha kuupenda wimbo, kisha akaambiwa, ameingizwa katika jambo bila ridhaa yake, na upendo huo hauwezi tena kuondolewa kwa maelezo. Kusema mapema kwamba habari hiyo itaharibu ladha ni kukiri kwamba ladha yahitaji ujinga wa mlaji.

Wako watakaoambiwa, wakaiacha. Mpendekezaji asiwabembeleze wala asiwaone waoga; awape Candlemass, mazungumzo yaendelee.