Je, Fidia Yaweza Kuwa Badala ya Kuungama?

Katika Kutoka sura ya 21 imo hukumu ya wagombanao: aliyemjeruhi mwenziwe sharti amlipe siku alizozikosa kazini, na kumwuguza hata apone. Hukumu hii ni njema. Lakini ubongo ukijeruhiwa, mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa, na siku zilizokosekana hazihesabiki, maana akili ya kuzihesabia ndiyo iliyopotea.

Tutazame habari ya Marekani. Huko wana mpira wao ambao wachezaji hugongana vichwa miaka na miaka. Wengi walipostaafu walipotewa na kumbukumbu, hata kuwasahau jamaa zao. Maelfu wakaishitaki ligi ya mpira huo, National Football League, kwamba ilijua hatari ikaificha. Mwaka 2013 pande mbili zilipatana dola milioni 765. Hakimu wa Philadelphia akasita, akiogopa fedha zisiwatoshe wote. Basi kikomo kikaondolewa, naye akayathibitisha mapatano mwaka 2015. Kila ugonjwa ukawekewa bei yake: ule wa Alzheimer hata dola milioni 3.5, tena hupunguzwa kwa aliyeugua akiwa mzee, au aliyecheza miaka michache. Wala ligi haikukiri kosa lo lote.

Wako wasemao kwamba malipo yasiyo na maungamo ni hila tu. Sisi hatusemi hivyo. Mke amwoshaye mume asiyemjua tena ahitaji dawa na msaidizi leo. Hawezi kungoja mpaka moyo wa tajiri ulegee. Dr. Martin Luther alitufundisha kuupambanua utawala wa upanga na utawala wa Neno, na hakimu hakupewa funguo za kufungulia dhambi. Ila tusiyaite mapatano ya barazani upatanisho. Aliyelipa deni huenda hajamtazama bado jirani yake usoni.

Tena bei yenyewe yaweza kudhulumu. Katika kuwapima wachezaji hao, mara nyingi kilitumiwa kipimo kilichodhani kwamba akili ya mtu mweusi huanzia chini kuliko ya mweupe. Hivyo mweusi alipaswa kupotewa na mengi zaidi ndipo alipwe. Kumbe waliovunjwa vichwa katika uwanja mmoja hawakuhesabiwa kuwa na vichwa sawa! Mwaka 2020 wachezaji weusi wawili waliyapinga hayo mahakamani. Mwaka 2021 kukakubaliwa kukiacha kipimo kile, na mwaka 2022 hakimu akayaidhinisha mabadiliko, vipimo vya waliokataliwa vikahesabiwa upya.