Mkato na Amana

Kanda ya mawaidha ya dakika 90, iliyorekodiwa mtaa wa Kisauni au Likoni, ikiingizwa kwenye kompyuta huweza kuwa faili moja ndefu inayohitaji kukatwa vipande. Faili za WAV na FLAC hukatwa bila ubora wa sauti kupungua. Ya MP3 huweza kukatwa kwenye mpaka wa fremu, yaani vipande vidogo vinavyoiunda, bila kubanwa upya.

Je, maana nayo hubaki nzima?

Elimu ya tajwidi humfundisha msomaji wa Kurani pa kusimama. Aya ya nne ya Suratul Maun, ikiachwa peke yake, huonekana kuwatishia adhabu wanaoswali. Aya ya tano ndiyo hubainisha kuwa wanaokusudiwa ni wanaoipuuza swala.

Basi mkataji ana amana mbili: sauti ya sheikh na hoja yake. Kipande kinachotumwa kwa simu hadi mtaa wa Changamwe kianze hoja inapoanza, kiishie inapotimia, hata kikiwa kirefu.