Kasoro ya Bidhaa na Haki ya Mnunuzi wa Mbali

 

Tumepokea waraka wa kijana wa Modogashe, mji ulio mpakani mwa Garissa na Isiolo, katika njia iendayo Wajir. Ana kompyuta kuukuu ya ofisini, ambayo kwayo hutengeneza picha za darsa za madrasa. Imekuwa nzito, naye amedunduliza shilingi 9,000 anunue kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha katika kioo. Atuuliza: je, si israfu? Na kama si israfu, anunue ipi huku Mombasa?

La kwanza halina tabu. Katika Suratul-Furqan wamesifiwa wale watoao mali yao pasi na kupindukia mpaka wala kufanya choyo, na chombo cha kufundishia dini hakiwi israfu. Walakini kununua kisichohitajiwa ndiyo israfu yenyewe, hata kwa fedha chache. Ikiwa uzito watokana na diski ya zamani ya kuzunguka, kadi haitamfaa kitu. Na anunue diski ya SSD. Ikiwa ni picha ndizo zikwamazo, atazame pawasaplai yake. Yeye asema imeandikwa wati 240, na kasha ni dogo. Basi kadi ya GT 1030 yamtosha: yatumia wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada, na zipo za kimo kifupi. Aliyemshauri akope kwa simu, kwa nyongeza, apate kubwa zaidi, amemshauri riba.

La pili ndilo lililotutia huzuni. Jina hilo moja, GT 1030, labeba vitu viwili. Ile ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine ya DDR4, ambayo kumbukumbu yake yapitisha kiasi cha thuluthi tu ya ile ya kwanza. Muuzaji atajaye jina akanyamaza, amesema kweli na amedanganya. Ziko pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Nyingine zilichosha usiku na mchana zikichimba sarafu ya Ether, mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022, zikamiminika sokoni.

Hatusemi kuuza kilichotumika ni haramu. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta unyevu chini, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akajitenga na kila adanganyaye. Nasi tuna wenye maduka wasimamao safu ya kwanza Ijumaa, na Jumamosi wamwambia mtu wa bara, "Hii mpya." Mnunuzi wa Mombasa atarudi kesho agombe. Wa Modogashe arudi na nini, ilhali nauli yenyewe hana?

Twamjibu kijana wetu: risiti iandikwe aina ya kumbukumbu, kama kadi imetumika, na siku za kuirejesha. Ifungwe mbele ya mtu amwaminiye, ipimwe kwa programu ya GPU-Z, ambayo hutambua nyingi za bandia, kisha ifanyishwe kazi saa nzima. Akiwa hana mtu huku, mmoja wetu atasimama badala yake. Na mwenye duka aliye radhi kuandika risiti namna hiyo, atuletee khabari kabla ya darsa ya Alkhamisi, tumwelekeze mnunuzi kwake.