Mwendo wa Aliye Nyuma

Vijana wa usharika wakirudi kutoka kupanda Mlima Kilimanjaro, swali letu la kwanza huwa moja: wangapi wamefika kileleni? Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Mlima wenyewe unatufundisha kuuliza jingine: wale ambao hawakufika, walishuka na nani?

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na mwili huhitaji muda wa kuizoea. Ndiyo maana waongozaji husema "pole pole" tangu siku ya kwanza. Hawasemi hivyo kwa ajili ya wanyonge tu. Kijana mwenye misuli akikimbilia juu anaweza kuumwa kichwa na kutapika, huku mzee anayetembea taratibu akisonga mbele.

Yakobo alilijua jambo hili. Katika Mwanzo 33, Esau alipotaka waandamane, Yakobo alimsihi atangulie, kwa kuwa yeye alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha. Akachagua kwenda kwa mwendo wao. Kiongozi hapimi mwendo kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini iko saa ambapo kwenda polepole hakusaidii tena. Mtu akizidiwa na maradhi yaletwayo na urefu wa mlima, dawa ya kwanza ni kumshusha. Kumwambia "jikaze, tumekaribia" si upendo, kunaweza kumwua. Hapo mwongozaji msaidizi hugeuka na kushuka naye gizani, na wengine huendelea. Je, aliyegeuka ameshindwa? Cheti hupewa wapandaji waliofika juu. Wapagazi waliobeba mahema na vyakula hawaonekani katika picha ya kileleni, na bila wao picha hiyo isingekuwapo.

Hapa ndipo dhamiri yetu inapoguswa. Usharika nao una milima yake: ujenzi wa kanisa, ahadi, mavuno. Tukiweka kiwango kimoja cha mchango na kusoma majina mbele ya watu, mjane aliyepungukiwa huacha kuja jumuiya, nasi husema amepoa kiroho. Labda hajapoa, mwendo wetu umemzidi. Na ni nani anayeshuka kumfuata? Mara nyingi ni mama yule yule anayekesha na wagonjwa hospitalini na kupika misibani. Tunamsifu kwa moyo wake wa kujitoa, kisha tunamwachia kazi yote. Kumsifu mtu bila kumpokea mzigo ni kumwonea kwa maneno matamu.

Katika Wagalatia 6, Paulo anaagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atauchukua wa kwake. Hayapingani. Kila mpandaji hubeba begi lake dogo mgongoni. Mzigo unaomwangusha ni wa kundi zima.

Basi kamati zetu zinapopanga mwaka ujao, ziamue mambo mawili kabla ya kuandika bajeti: mwendo utapimwa kwa nani, na zamu ya kushuka ni ya nani. Na katika orodha hiyo ya zamu, jina la mtu mmoja lisijirudie kila mwaka.