Nuru ya Macheo, Maji ya Bamvua

Picha yangu iliyopata sifa kuliko zote niliipiga Msimbati, mkoani Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wanawake watatu wamesimama majini, vyuma vya kuchokolea pweza mkononi, na nyuma yao bahari imeiva kama embe. Marafiki zangu wa Dar waliipenda mno. Kijana mmoja wa Mikindani akaitazama kidogo tu, akauliza: "Hawa wanatafuta nini kwenye maji ya kujaa?"

Sikumjibu. Swali hilo nilishaulizwa siku ile ile ya kupiga picha.

Anayepiga picha za mandhari hategemei bahati. Mwezi Juni jua huchomoza upande wa kaskazini zaidi, Desemba kusini zaidi, kwa hiyo mkoko uliosimama mbele ya jua Juni hautakuwa mbele yake Desemba. Yote hayo niliyaangalia kwenye simu. Nikachagua siku za bamvua, maana ndipo mwamba unapokauka mbali na kina mama wanapotoka. Nilichotaka ni hicho: kazi yao katika nuru laini ya macheo. Bahati mbaya, maji niliyaangalia tarehe tu, saa sikuangalia.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na saa zake hazibadiliki sana. Pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Jua likichomoza, mwamba bado umefunikwa. Likizama, vilevile. Zipo siku maji hupwa alfajiri, ila hizo ziko karibu na maji mafu, na mwamba hautoki vizuri. Mwamba wa bamvua hutoka saa nne asubuhi, jua kali, vivuli vifupi, rangi zimepauka. Nuru niliyoitaka na kazi niliyoitaka hazikutani.

Jana yake nilikuwa nimepatana na bibi mmoja tuonane alfajiri. Alinishangaa, lakini akaja na wenzake wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa mjukuu wangu, maji haya nitaokota nini?"

"Ingieni tu, msimame, nipige picha."

Wakacheka, wakaingia. Walipotoka nikawalipa, na bibi akasema, bila hasira: "Wenzetu wakiiona watasema hatujui bahari."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa. Mtu anaweza kunitetea: walikubali, walilipwa, na kila picha ni kuchagua. Kweli. Nikisubiri wingu lipite au nikihamisha kamera, nachagua. Lakini hapo najipanga mimi, nalifuata jua. Siku ile niliwapanga wao wanifuate mimi, kisha nikawaambia watu kwamba hivi ndivyo wanavyoishi. Maarifa ya bibi yule, ya kujua mwamba unatoka lini na wapi, niliyafuta ili anga lipendeze. Malipo niliyompa yalikuwa ya muda wake. Heshima yake hatukuipatania bei.

Ansel Adams, Mmarekani, alipiga picha maarufu ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alikuwa njiani, akasimamisha gari haraka. Kipima mwanga hakukiona, akatumia alichokijua kuhusu mwangaza wa mwezi. Baadaye, akisafisha picha, alilitia anga giza zaidi, na hilo simlaumu. Mwaka aliusahau, akawa anataja huu na ule. Wataalamu wa nyota wakapiga hesabu ya mahali mwezi ulipokuwa, wakaipata tarehe: 1 Novemba 1941. Picha ilikumbuka alichosahau mwenyewe. Yangu nayo inakumbuka. Kijana wa Mikindani hakuhitaji hesabu, maji yalimwambia.

Nilirudi bamvua nyingine, nikashuka nao hadi mwambani saa nne. Nuru ilikuwa mbaya kama nilivyojua. Migongo imeinama, nyuso zimefichwa na kanga, vivuli viko chini ya miguu, mchanga umekuwa mweupe hadi unaumiza macho. Nikampa bibi kamera atazame. Aliisogeza karibu, akakaa nayo muda mrefu, akipita kwenye mwamba kwa kidole kama anayesoma barua. Kidole kikasimama.

"Hii nzuri," akasema. "Lakini usiwaonyeshe watu. Hapa ndipo kwenye shimo langu la pweza."

Hiyo sijaitoa. Ile ya kwanza bado inasifiwa.